Simu ya Chama Inapopotea: Laini Kwanza, Kifaa Baadaye

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya Bodi, watendaji na vikundi vya kujisomea katika vyama vya msingi. Yafaa lisomwe kikaoni, kila mhusika akiwa na simu yake mkononi, kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyomo hufanywa papo hapo.

Zamani mali ya chama ilionekana kwa macho: kasha la chuma lenye funguo mbili, mhuri, mizani na madaftari. Hapakuwa na Mtunza Hazina aliyethubutu kwenda gulioni amebeba kasha begani. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ya kasha hilo hufanywa na simu janja iliyomo mfukoni. Humo hupokelewa viingilio na marejesho ya mikopo. Humo mna namba za wanachama, picha za hati za malipo, na kundi la WhatsApp ambalo agizo la Katibu hutiiwa bila kuulizwa. Kasha limeanza kutembea, nalo hupanda basi, huenda msibani na hulala juu ya meza ya mgahawa.

Chukulieni mfano wa chama cha wakulima wa kahawa wakati wa msimu. Mtunza Hazina ameshuka stendi siku ya gulio, amepapasa mfuko, simu haimo. Anaazima simu ya mpita njia na kupiga namba yake. Inaita mara mbili, kisha haipatikani. Anarudi kwenye basi, anainama chini ya viti, anamwuliza kondakta. Jioni anarejea nyumbani, na kwa kuona haya hamwambii mtu, akitumaini kwamba mwungwana fulani ataiokota na kuirudisha. Asubuhi ya pili ndipo anapomwendea Mwenyekiti.

Katika saa hizo aliyeichukua hakuhitaji hata kuifungua. Alichomoa laini, akaitia katika simu nyingine, akaomba WhatsApp imtumie namba ya uthibitisho, nayo ikamfikia kwa ujumbe mfupi kama kawaida. Usiku huohuo wanachama kumi na wawili walipata ujumbe kwa jina la Mtunza Hazina wao: malipo ya pembejeo yanafungwa kesho, na ile pesa itumwe kwenye namba hii. Ujumbe wa namna hiyo ukitoka kwa mtu asiyejulikana, kila Mtanzania huucheka. Ukitoka kwa Mtunza Hazina, mwanachama hutuma.

Basi jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba simu na laini ni vitu viwili. Simu ni chombo. Kikiibwa, chama kimepata hasara ya thamani yake. Laini ndiyo ufunguo. Akaunti ya fedha ya mtandao haikai ndani ya simu, bali hufuata namba. Na namba za uthibitisho za benki na za mitandao hutumwa kwenye laini. Kwa hiyo anayeitafuta simu kwanza na kuiacha laini ikiwa hai anahangaikia kasha ilhali funguo ziko mikononi mwa mwizi.

Hatua ya kwanza, isiyongoja hata kufika nyumbani, ni kumpigia mtoa huduma wa laini hiyo kwa simu yoyote iliyopo, au kuingia katika duka lake lililo karibu, na kutaka laini pamoja na akaunti ya fedha zifungwe. Mwenye laini ataulizwa maswali ili ithibitike kuwa ndiye: majina yake kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, pengine kiasi kilichobaki au muamala wa mwisho. Ikiwa simu ilikuwa na laini mbili, zote mbili zifungwe. Ikiwa ilikuwa na programu ya benki, benki nayo ipigiwe.

Hapa pana ubishi ambao vikundi vinaweza kuujadili. Simu hutafutwa kwa njia ya intaneti. Yenye mfumo wa Android hutafutwa kwa huduma ya Google ya kutafuta simu, na iPhone kwa huduma ya Apple ya namna hiyo. Mwenye simu huingia katika akaunti yake kwa simu nyingine, akaiona ilipo katika ramani, akailiza hata kama sauti yake imezimwa, akaifunga, au akaifuta yote yaliyomo. Lakini laini ikifungwa, simu iliyokuwa ikipata intaneti kwa laini hiyo hukatika, na ramani hubaki ikionyesha mahali ilipokuwa mwisho. Kweli, baadhi ya simu mpya huweza kuonekana kupitia simu nyingine zilizo jirani hata zisipokuwa na intaneti, lakini si jambo la kutegemewa kijijini. Wapo basi wanaosema ni heri kuiacha laini wazi ili mwizi afuatwe. Kwa simu ya mtu binafsi isiyo na fedha, huenda hoja hiyo ikakubalika kwa muda mfupi. Kwa simu ya chama haikubaliki hata kidogo. Thamani ya chombo ni shilingi laki kadhaa, na fedha zilizo nyuma ya laini ni jasho la watu wengi ambao hawakuulizwa kama wanakubali kubahatishwa. Wakiwapo watu wawili, mmoja apige kufunga laini na mwingine, wakati huohuo, aifunge simu kwa njia ya intaneti. Akiwapo mmoja, laini kwanza.

Kufuta yaliyomo kusifanywe kwa pupa. Simu nyingi za Android zikisha kufutwa hazionekani tena katika ramani. Yatosha kuifunga kwanza na kuandika katika kioo chake namba ya ofisi ya kupigiwa, maana simu nyingine zimeangushwa tu na aliyeokota ni mtu mwema. Kufuta ni hatua ya mwisho, pale tumaini la kuipata linapokwisha na ndani mna taarifa za wanachama.

Wengi hukwama mahali pamoja. Akiazima simu ya mwenzake na kuingia katika akaunti, Google huweza kumtaka namba ya uthibitisho, na namba hiyo hutumwa wapi? Kwenye simu iliyopotea. Dawa yake hupatikana mapema. Aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti ya Google huweza kutoa orodha ya namba kumi za akiba, ambazo kila moja hutumika mara moja tu. Orodha hiyo iandikwe katika karatasi, itiwe katika bahasha, ifungiwe ndani ya kasha la chama. Haifai kupigwa picha kwa simu ileile. Aliyeazima simu ya mtu akumbuke pia kutoka katika akaunti yake kabla ya kuirudisha.

Laini ikisha kufungwa, Mwenyekiti aarifiwe saa hiyohiyo, na wanachama watangaziwe kwa njia zote zilizopo kwamba ujumbe wowote kutoka namba hiyo ni batili. Hapa ndipo haya huleta hasara kuliko mwizi. Bodi zenye tabia ya kumfokea mtendaji aliyepotelewa hujiandalia hasara kubwa zaidi, kwa kuwa mwenzake atakayepotelewa baadaye ataficha. Kupotelewa na simu ni ajali, na uzembe ukiwapo utajulikana kwa uchunguzi. Kuchelewa kutoa taarifa ndiko kunakostahili kuandikwa kuwa kosa katika kanuni za utumishi wa chama. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwenye simu au laini iliyopotea au kuibwa kutoa taarifa.

Hatua ifuatayo ni polisi. Mwenye simu aende na kitambulisho, stakabadhi ya manunuzi na namba tambulishi ya simu, ile iitwayo IMEI. Namba hiyo ina tarakimu 15, na kila simu ina yake. Yenye sehemu mbili za laini ina namba mbili. Huonekana kwa kubonyeza *#06#, na aghalabu imeandikwa katika boksi la simu. Polisi wakisha kuiandika taarifa, karatasi yao hutumika kuomba simu yenyewe ifungiwe isitumike katika mitandao ya simu ya nchini. Uwezo wa kufungia simu kwa namba zake ulidhihirika tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozizima simu bandia nchi nzima. Hata hivyo, simu iliyofungiwa huweza kuvushwa mpaka au kuvunjwa ikauzwa vipuri, kwa hiyo kufungia hakumaanishi kurudishiwa.

Ramani ikionyesha simu ipo katika nyumba fulani, mtendaji asiende mwenyewe, wala asikusanye vijana. Alama ya ramani huweza kukosea kwa makumi ya mita, na katika mtaa wenye nyumba zilizobanana hiyo ni tofauti ya familia kadhaa. Watu wasio na hatia wamekwisha kupigwa kwa kelele za mwizi. Picha ya ramani ipelekwe kituoni pamoja na saa iliyoonekana.

Kadhalika ajihadhari na wanaojitokeza baada ya wizi. Atapigiwa na mtu ajitambulishaye kuwa ni wa huduma kwa wateja, akitaka atajiwe namba ya siri ili "arejeshe fedha". Au atapokea ujumbe kwamba simu yake imeonekana, na kwamba afungue anwani fulani na kuandika neno lake la siri. Mwizi anahitaji neno hilo kwa sababu simu iliyofungamanishwa na akaunti ya mwenyewe haimfai mwingine hata akiifuta: iPhone zina ulinzi huo tangu mwaka 2013, na Android tangu mwaka 2015. Bila neno la siri amebaki na kipande cha kioo.

Linabaki jambo ambalo vyama vingi hulidharau, nalo ni jina la mwenye laini. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na laini iliyopotea hurudishwa kwa aliyeisajili, akiwapo mwenyewe. Sasa laini ya chama imesajiliwa kwa jina la nani? Mara nyingi hukutwa ni ya Katibu aliyekwisha kuacha kazi, au ya mtoto wa Mwenyekiti ambaye yuko mjini. Siku laini inapopotea, chama chenye wanachama mia nne hushindwa kuipata namba yake mpaka kijana mmoja apate nauli ya kurudi. Na kijana huyo, kama angetaka, angeweza kuirudisha laini hiyo peke yake na kuziona fedha zote. Laini inayopokea fedha za chama hapana budi isajiliwe kwa jina la chama, na wawakilishi wake waandikwe katika muhtasari wa kikao. Kila mtendaji pia abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Juu ya kinga nyingine hakuna haja ya maneno mengi. Kioo kifungwe kwa namba ya siri ya tarakimu sita isiyo mwaka wa kuzaliwa. Ujumbe usionekane juu ya kioo kilichofungwa. WhatsApp iwekewe namba ya siri ya hatua ya pili. Laiti Mtunza Hazina wa mfano wetu angeiweka, aliyeichukua laini yake asingefaulu usiku ule. Laini nayo ina namba ya siri yake, ambayo simu huiuliza kila inapowashwa au laini inapohamishwa. Ikikosewa mara tatu laini hujifunga, na kuifungua huhitaji namba ndefu iliyoandikwa katika kadi iliyokuja na laini. Kadi hiyo isitupwe. Na namba ya siri ya fedha isiandikwe nyuma ya kava la simu, mahali ambapo wezi hupatazama kwanza.

Kuhusu taarifa za wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakitaka chama kinachotunza taarifa za watu kuzilinda. Orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na akaunti za benki haina sababu ya kukaa katika simu iendayo gulioni. Vilevile picha ya hati ya malipo haichukui nafasi ya hati ya malipo. Simu ikipotea, madaftari yabaki yakionyesha kila shilingi. Mkaguzi hatapokea upotevu wa simu kuwa sababu ya pengo katika vitabu.

Chama kikinunua simu nyingine, kinunue dukani kwa stakabadhi. Simu ya bei ya kutupa inayouzwa kichochoroni aghalabu ina mwenyewe anayeililia, na kupokea mali ya wizi kwa kujua au ukiwa na sababu ya kujua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Kazi ya kikundi

Kila mmoja abonyeze *#06# na kuandika namba zake. Za simu ya chama ziingizwe katika daftari la mali, pamoja na tarehe ya kununuliwa na jina la anayeitunza.

Katibu aeleze mbele ya kikundi laini ya chama imesajiliwa kwa jina la nani, na lini ilihakikiwa mara ya mwisho.

Wanakikundi wawili waigize: mmoja amepotelewa na simu stendi saa nne asubuhi, hana fedha mkononi. Wengine wapime kwa saa ni dakika ngapi zitapita hadi laini ifungwe, na wataje ni namba gani za simu alipaswa kuzijua kwa kichwa.

Kisha kikundi kijadili: simu ikipotea katika safari ya kikazi, ni nani alipe gharama yake, na je, jibu libadilike ikiwa mtendaji alitoa taarifa ndani ya saa moja?