Damu ya Mama Mjamzito na Chakula cha Pwani Yetu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Somo hili latoka katika Biolojia, ambayo sisi wa sekondari twaisoma kwa Kiingereza. Nimeliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja: gazeti letu la muhula huenda nyumbani wakati wa likizo, na jambo lenyewe lawahusu mama zetu, shangazi zetu na dada zetu walioolewa kuliko linavyowahusu watahini. Mimi natoka Pande, wilaya ya Kilwa. Kwa hiyo mifano yangu ni ya mashamba na bahari ya huko. Msomaji wa bara aweza kuweka vyakula vya kwao mahali pa vyetu.

CHUMA NDANI YA DAMU

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, nayo himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Chembe nyekundu moja ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Mwili hukiokota chuma chake na kukitumia tena. Mtu mzima mwenye afya hupoteza chuma kidogo tu kila siku, na chakula chake hukirudisha.

Mimba huibadili hesabu hiyo. Damu ya mama huongezeka kwa kadiri ya nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza. Mtoto naye hujiundia damu yake, na kondo la nyuma hutaka fungu lake. Wataalamu hukadiria kwamba mimba moja yahitaji jumla ya miligramu 1,000 za chuma hivi, yaani gramu moja, na sehemu kubwa yatakiwa katika nusu ya pili ya mimba. Gramu moja ni kitu kidogo machoni, lakini mwili hauwezi kuipata kwa siku moja wala kwa juma moja. Tena mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoipata kwa mama yake, nayo humfaa kwa miezi sita hivi ya mwanzo. Mama akiwa hana, mtoto huanza maisha na ghala iliyo nusu tupu.

UPUNGUFU HUJULIKANAJE?

Mwenye damu haba huchoka upesi, huona kizunguzungu, huhema akipanda kilima kidogo, na moyo wake hupiga mbio. Ndani ya kope, ulimi na viganja hupauka. Lakini wengine hawaoni dalili yoyote mpaka hali imekuwa mbaya. Kwa hiyo kipimo cha zahanati ndicho cha kutegemewa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba mjamzito aliye chini ya gramu 11 za himoglobini katika kila desilita ya damu ana upungufu, na aliye chini ya gramu 7 yumo katika hatari kubwa.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu. Miongoni mwa wajawazito, idadi ilikuwa 57 katika kila 100.

Hatari yenyewe huonekana zaidi siku ya kujifungua. Kila mzazi hutokwa na damu. Mwenye damu ya kutosha aweza kupoteza nusu lita akastahimili. Yule ambaye damu yake ni haba aweza kushindwa kwa kiasi hicho hicho. Hospitali ya wilaya yetu, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje, na kutoka vijiji vya Pande ni safari. Damu haitafutwi usiku wa uchungu. Hutafutwa miezi mingi kabla. Wazee walisema akiba haiozi.

VYAKULA VILIVYOPO KWETU

Chuma cha chakula ni cha namna mbili. Namna ya kwanza hutoka katika nyama, kuku, maini, dagaa na samaki, nayo huingia mwilini kwa urahisi. Namna ya pili hutoka katika mimea: kunde, choroko, mbaazi, maharage, mtama, ulezi, ufuta, korosho, na mboga kama matembele, mchicha, kisamvu na majani ya kunde. Hii huingia kwa shida, na mara nyingi sehemu kubwa hupita tu na kutoka.

Pwani yetu haikunyimwa. Dagaa wakavu huliwa wazima, na hata mafungu madogo yana faida. Pweza ana chuma kingi kuliko samaki wengi wenye nyama nyeupe. Ufuta, ambao Kilwa na Lindi husifiwa kwa kuulima, una chuma kadiri ya miligramu 14 katika gramu 100. Korosho nazo zimo. Maini yana chuma kingi sana, lakini yana pia vitamini A nyingi, ambayo ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni; mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku, na amwulize mhudumu wa kliniki.

Hapa yafaa kusahihisha wazo moja. Watu wengi hudhani kwamba kila kinywaji chekundu huongeza damu. Rangi si chuma. Kiazi chekundu cha bitiruti kina chuma kidogo kuliko kunde ambazo hazina wekundu wowote.

KIFUNGUO NA KUFULI

Hili ndilo jambo kubwa la somo langu: haitoshi kuuliza mama amekula nini, lazima tuulize amekila pamoja na nini.

Kifunguo cha kwanza ni vitamini C. Ndimu ikikamuliwa juu ya kunde, au chungwa, pera, embe au ubuyu ukiliwa pamoja na chakula, chuma cha mimea huingia kwa wingi zaidi. Lakini vitamini C huharibiwa na moto mwingi. Kwa hiyo ndimu itiwe chakula kikisha kuepuliwa. Kifunguo cha pili ni samaki au nyama yenyewe. Dagaa wachache wakipikwa ndani ya matembele hawaleti chuma chao tu, bali husaidia chuma cha matembele kiingie pia. Cha tatu ni kuloweka. Kunde na mbaazi zikilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, au mtama na ulezi ukioteshwa kabla ya kusagwa, ile fitati inayokishika chuma hupungua.

Kufuli kubwa ni chai. Ndani ya majani ya chai mna tanini, ambayo hukikamata chuma cha mimea tumboni na kukizuia kisiingie. Kahawa hufanya vivyo hivyo. Nasi desturi yetu ni chai pamoja na chakula, asubuhi na pengine jioni! Sisemi mama aache chai. Aitenge tu na chakula: anywe saa moja au zaidi baada ya kula, au katikati ya milo miwili. Badiliko hili halina gharama hata ya senti moja.

Kufuli jingine ni udongo. Wajawazito wengi huutamani, na wengine huununua sokoni. Mara nyingine tamaa hiyo yenyewe ni ishara kwamba chuma kimepungua. Lakini udongo haukileti, bali hukizuia, tena waweza kuwa na mayai ya minyoo. Asichekwe mwenye tamaa hiyo; apelekwe kupimwa.

WEZI WA DAMU

Chakula kizuri hakijazi mtungi uliotoboka. Mwizi wa kwanza ni safura, mnyoo unaopenya ngozi ya mguu mtupu penye udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha hukaa katika utumbo na kunyonya damu. Katika miaka ya 1990 watafiti walipowapima watoto wa shule kisiwani Pemba, waliona kwamba minyoo hiyo ilikuwa sababu kubwa ya upungufu wa chuma na damu. Kinga ni choo safi, viatu shambani, na dawa ya minyoo ambayo mjamzito hupewa kliniki baada ya miezi mitatu ya mwanzo.

Mwizi wa pili ni malaria, ambayo huvunja chembe nyekundu. Chandarua chenye dawa na vidonge vya SP vitolewavyo kliniki ni sehemu ya somo la damu, si jambo jingine. Mwizi wa tatu ni mimba zinazofuatana upesi, kabla ghala ya mama haijajaa tena.

VIDONGE VYA KLINIKI

Je, chakula chatosha peke yake? Kwa wanawake wengi hakitoshi, ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya kuongeza damu. Ndani yake mna chuma na asidi ya foliki. Mnamo mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu wa wajawazito waliofanya kazi viwandani. Aliona kwamba baadhi yao walipona kwa kula kitu kilichotengenezwa kwa hamira. Baadaye ilijulikana kwamba dawa iliyokuwamo ni foleti, ambayo hupatikana pia katika mboga za majani na kunde.

Wengine huviacha vidonge kwa sababu ya kichefuchefu, au wakiona choo kimekuwa cheusi. Choo cheusi kwa ajili ya vidonge hivyo si ugonjwa. Kichefuchefu hupungua vikimezwa wakati wa kulala. Visimezwe kwa chai.

MFANO WA CHAKULA CHA SIKU

Asubuhi: uji wa ulezi au mtama wenye ufuta uliosagwa na unga wa ubuyu. Chai isubiri.
Mchana: ugali au wali, kunde zilizolowekwa, matembele yenye dagaa, na ndimu juu yake.
Alasiri: chai, ikiwa yatakiwa.
Usiku: muhogo au wali, mbaazi za nazi, kipande cha samaki au pweza, na tunda la msimu.

NANI AENDE MBELE YA SAHANI?

Nyumba nyingi hupakua kitoweo kizuri kwa baba na wageni, na mama hula mwisho, mchuzi na ukoko. Wengine humkataza mjamzito mayai wakisema mtoto atazaliwa bila nywele, au humpunguzia chakula wakiogopa mtoto atakuwa mkubwa. Mayai hayaondoi nywele za mtoto, na njaa ya mama haimrahisishii kuzaa.

Kwa heshima zote nawaomba baba zetu: ufuta unapopelekwa ghalani kungoja mnada, pishi moja ibaki nyumbani. Kitoweo kinapogawanywa, fungu la mjamzito litengwe kwanza. Nasi wanafunzi, wavulana kwa wasichana, tukienda likizo tuchote maji, tutwange kisamvu, na tumsindikize dada kliniki mapema, mara tu anapojua kwamba ana mimba. Miligramu 1,000 hazikusanywi na mtu mmoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mjamzito huhitaji chuma kingi kuliko alivyohitaji kabla ya mimba?
2. Taja vyakula vitatu vya kijijini kwenu vyenye chuma, na useme kila kimoja ni cha namna gani.
3. Mama anakula kunde na chai kwa wakati mmoja. Mshauri kwa adabu, ukitoa sababu.
4. Eleza jinsi kiatu na chandarua vinavyoweza kulinda damu.
5. Ukifika nyumbani, tazama chakula kinavyopakuliwa. Nani hupata kitoweo kwanza, na nani hupata mwisho?