MIKRO GANI KWA MAZUNGUMZO YA FILAMU NDANI YA NYUMBA?



Somo letu la leo ni juu ya sauti. Wengi wetu tunafikiri filamu ni picha tu. Lakini picha ikiwa na giza kidogo watu wanavumilia. Maneno yasiposikika wanaondoka. Na hapa kwetu Kabambare iko jambo kubwa zaidi. Tukikaa na mzee chumbani mwake, atusimulie habari za zamani kwa Kibangubangu, nyumba yake tutaweza kuipiga picha tena mwaka kesho. Sauti yake, pengine hapana.

Zamani wengine walipita njia ya pembeni. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, filamu za mafundisho zilipigwa bila sauti, na maneno yakatiwa kwenye sahani za santuri. Hiyo inafaa kwa msimulizi asiyeonekana. Lakini watu wawili wakizungumza mbele ya kamera, midomo na sauti lazima viende pamoja. Basi mikro iwe mule mule chumbani.

1. Chumba kinafanya nini?

Piga makofi mara moja katika darasa tupu. Sauti inarudi. Sauti inakimbia karibu meta 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa meta 4 mbali nawe, sauti inakwenda na kurudi meta 8. Inachelewa kama sehemu moja ya 40 ya sekunde. Matofali, sementi na mabati vyote vinairudisha. Masikio yetu yanajua kuchagua. Mikro haichagui, inameza yote.

2. Mikro ziko namna gani?

(a) Inayosikia pande zote.
(b) Fupi, inayosikia zaidi mbele. Mchoro wake ni kama moyo. Iko na ndugu yake anayebana zaidi pembeni.
(c) Ndefu kama bomba, yenye matundu ubavuni.

Wengi wanakimbilia ile ndefu kwa kuwa wameiona kwa watu wa televisheni. Nje ni nzuri sana: sauti ya pembeni inapita matundu kwa nyakati mbalimbali na kujifuta yenyewe. Lakini katika chumba kidogo, maneno yale yale yanarudi kutoka kila ukuta, na bomba linafuta sauti nyembamba kuliko nzito. Mtu anasikika kama anasema ndani ya mtungi. Kwa hiyo ndani tuchague (b), hasa yule ndugu anayebana.

Mikro ndogo ya kubandika kifuani, mingi yake ni ya namna (a), lakini ukaribu wa kinywa unaiokoa. Tuangalie tu nguo isiikwaruze.

Tena tuulize juu ya umeme. Mikro nyingine zinataka volti 48 kutoka kwa mashine. Nyingine zinatumia batri ndogo. Tusinunue kabla ya kujua mashine yetu inatoa nini.

3. Umbali

Hapa ndipo shina la somo. Ukipunguza nusu ya umbali, sauti ya kinywa inaongezeka desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu vile vile. Tufunge mikro kwenye fito, iwe juu ya kichwa, nje ya picha, ikielekea kinywa, nusu ya meta hivi. Tutundike blanketi ukutani na kutandika mkeka chini. Mvua ikianza kupiga mabati, tungoje. Hapana mikro inayoshinda mvua.

Basi tukumbuke: mikro ya bei ndogo iliyo karibu inashinda ya bei kali iliyo mbali.

MAULIZO

1. Kwa nini mikro ndefu inafaa uwanjani kuliko chumbani?
2. Ukuta uko meta 6 mbali nawe. Sauti itachelewa muda gani kurudi?
3. Soma sentensi moja mbele ya simu, kwanza meta 2 mbali, kisha nusu ya meta. Andika kilichobadilika.