Ukiugua Meru na Huna Mtu Wako

Mdogo wangu, leo tuongee kuhusu homa inayokukuta safarini, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayejua kwenu ni wapi. Siku hizi wengi wenu mnapanda matatu pale Tea Room, Nairobi, mkiwa peke yenu. Huyu ameitwa usaili wa kazi Embu, yule ana utafiti wa chuo Meru, mwingine anataka tu kuuona Mlima Kenya kwa upande wa Chogoria. Nafurahi sana kuwaona mkitembea. Kinachonikera ni kwamba msichana yule yule anayeweza kubishana na makanga kuhusu nauli, akishikwa na homa anajifungia chumbani kwenye loji, anameza Panadol na kungoja ipite. Anaona haya kusumbua watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mgeni ndiye anayeficha kuliko wote.

Basi anza na mapokezi. Ukianza tu kujisikia vibaya, shuka umwambie yule dada wa mapokezi: “Mimi niko chumba fulani, naumwa, niko peke yangu. Naomba unigongee saa mbili usiku na asubuhi tena.” Hilo tu. Akiwa mwanaume na humwamini, mtafute mama anayefua mashuka au anayepika jikoni. Nilipougua Embu, mama wa jikoni ndiye aliyeniletea uji wa wimbi bila kuagizwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki hadi nikaumaliza, ndipo akaniuliza simu ya dada yangu iko wapi.

Na kuna jambo dogo ambalo ni wachache wanaolifikiria: ufunguo. Tumezoea kuufunga mlango na kuuacha ufunguo ndani ya kitasa, na kwa mwanamke aliye peke yake naelewa kwa nini. Lakini ufunguo ukikaa pale, ule wa akiba hauingii kutoka nje. Ukizirai, watabaki kuuvunja mlango. Funga, kisha uuchomoe, uuweke juu ya meza. Na kama kuna komeo, mwambie mtu uliyemwamini kwamba utalifunga, ili ajue la kufanya usipoitika.

Sasa homa yenyewe. Mwezi wa Julai Meru huwa na baridi na manyunyu, kwa hivyo mtu wa Mombasa akitetemeka anadhani ni hali ya hewa. Mji huo uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo mtu anayekupima anaweza asianze kuwaza malaria. Lakini malaria huchukua wiki moja, mara nyingi hata mbili, tangu mbu akuume hadi uanze kuhisi joto. Kama wiki mbili zilizopita ulilala Kisumu, Busia au Kwale, au kwa shangazi karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea, sema kabla hujaulizwa. Omba utobolewe kidole upimwe. Usinunue dawa kwa kukisia, na usikubali kuuziwa antibayotiki kwa sababu tu mwenye kemisti amesema “hii ni typhoid.” Ukikutwa na malaria ya kawaida, mtu mzima hupewa vidonge vya siku 3, mara 6 kwa jumla. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, na hapo Meru imekujalia: glasi ya maziwa yaliyochemshwa au parachichi inatosha. Vimalize vyote hata ukiamka siku ya pili ukiwa mzima.

Ukiwa unahara au kutapika na duka la dawa limefungwa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo.

Kwa mnaopanda mlima: kichwa kikikugonga na ukatapika kule juu, usibembelezwe eti kilele cha Lenana kimekaribia. Kiko mita 4,985 na hakiendi popote. Kushuka ndiyo dawa, na ushuke na mtu.

Hospitali zipo. Embu na Meru zote zina hospitali ya rufaa ya umma, na katikati na kandokando kuna hospitali za misheni zinazojulikana na kila mwendesha boda: Chogoria, Nkubu, Maua, Kyeni. Ukizidiwa, usianze kuhesabu pesa mlangoni. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imefanya kumnyima kuwa kosa la jinai. Yaseme maneno hayo kwa adabu, lakini yaseme. Ukitaka muuguzi wa kike awepo unapokaguliwa, omba, si ukorofi.

Halafu kupona. Hapa ndipo mnaponivunja moyo, kwa sababu homa ikishuka jioni, alfajiri mko stegi. Barabara ya Meru kwenda Embu ina kona na mabonde ya mito, hasa kule Nithi, na tumbo lililotoka kuugua haliziwezi. Lipia siku mbili zaidi. Kama pesa zimeisha, piga simu nyumbani uombe. Mamako angependa kutuma elfu mbili leo kuliko kupigiwa simu na mtu asiyemjua kesho. Oga maji moto, kula mukimo kidogo, lala na dirisha likiwa wazi kiasi.

Na kabla ya safari ijayo, hakikisha umejisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Unajisajili kwa simu kwa kupiga *147#. Kujisajili pekee kunakufungulia zahanati na vituo vya afya, lakini ili ulipiwe ukilazwa lazima mchango uwe umelipwa, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Andika kwenye karatasi majina ya watu wako wawili na namba zao, pamoja na dawa zinazokudhuru, uiweke nyuma ya kitambulisho. Fanya hivyo leo usiku, tafadhali, kisha umtumie dada yako jina la loji utakayolala.