SOMO LA KIKUNDI: JE, UKIMWI UNAGEUKA KUWA SARATANI?



Mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba alianza kutoka damu, na ilhali hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mingi. Majirani wakasema amerogwa. Wengine wakanong'ona kwamba ni "ule ugonjwa" umeshuka tumboni. Kweli alikuwa na virusi vya Ukimwi, na dawa zake alimeza kila siku bila kukosa. Lakini kwa aibu alinyamaza. Alipofika hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshaenea. Tulimzika.

Tangu hapo akina mama wananiuliza: Je, Ukimwi unageuka kuwa saratani? Jibu ni hapana. Haya, tujifunze pamoja.

1. Maabara iligundua nini?

Mwaka 1983 huko Ufaransa, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walitangaza virusi ambavyo leo tunaviita HIV. Mwaka huo huo huko Ujerumani, Harald zur Hausen na wenzake walipata virusi vingine kabisa, HPV namba 16, ndani ya nyama iliyokatwa kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1984 wakapata namba 18. Aina hizi mbili ndizo huleta karibu saba katika kila saratani kumi za mlango wa kizazi. Mwaka 2008 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli.

Kwa hivyo ni virusi viwili tofauti. Si uchawi, wala si laana.

2. Virusi hivi hufanyaje kazi?

Kila seli ya mwili ina breki, kama gari. Breki huizuia isizaane ovyo. HPV hutengeneza protini mbili, E6 na E7, ambazo huharibu breki hizo. Gari bila breki kwenye mteremko, mnajua mwisho wake.

Lakini HPV ni virusi vya kawaida sana. Watu wengi waliowahi kukutana kimwili huvipata wakati fulani, hata mke aliyetulia nyumbani kwake. Mara nyingi kinga ya mwili huvifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Hapo ndipo HIV inapoleta hatari. Yenyewe haigeuzi seli za mlango wa kizazi kuwa saratani. Inaua askari wa mwili, na mwizi HPV anabaki ndani bila wa kumtoa. Ndiyo maana mwanamke mwenye HIV ana hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya mwenzake. Kwa kawaida saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kukua. Kinga ikiwa dhaifu bila dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

3. Tufanye nini?

Hata miaka 5 ni nafasi. Kabla ya saratani huwa kuna mabadiliko madogo yasiyouma, na yanatibika.

- Mwenye HIV aanze kupimwa mlango wa kizazi akiwa na miaka 25. Wengine miaka 30. Kuna kipimo cha HPV, na kuna cha siki: muuguzi hupaka siki na mahali palipoharibika huwa peupe.
- Meza dawa za HIV kila siku. Zinawarudisha askari kazini. Lakini hazichukui nafasi ya kupimwa.
- Tangu Oktoba 2019 Kenya inatoa chanjo ya HPV kwa wasichana kuanzia miaka 10. Chanjo huzuia; haimtibu aliyekwisha kupata virusi.
- Ukitoka damu isiyo ya kawaida, usingoje. Nenda kliniki.

Yule mama alikuwa anaenda kuchukua dawa kila mara. Kipimo cha dakika chache kingeweza kumwokoa.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni maneno gani hapa kwetu yanayowafanya akina mama wanyamaze?
2. Akina baba wanaweza kusaidia vipi?
3. Nani kati yetu atamsindikiza mwenzake kupimwa mwezi huu?