Tiketi Inayojitosheleza: Kuripoti Hitilafu Ukiwa Mbali na Programa

Uko Zagayu, wilayani Itilima, kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Msimu wa pamba umefunguliwa, foleni imefika barabarani, na programu ya kurekodi manunuzi imeanza vituko. Aliyeitengeneza yuko Dodoma au Dar es Salaam, kwenye intaneti isiyokatika. Hajawahi kusimama mbele ya mzani wako. Kesho asubuhi atakachokuwa nacho ni maandishi yako tu.

Ukimwandikia "mfumo unasumbua", atakuuliza "unasumbuaje?" Utaliona swali hilo jioni ukipata mtandao, na jibu lako atalisoma kesho yake. Siku mbili zimepita na hakuna aliyegusa chochote. Tiketi, yaani ripoti ya tatizo, ikiandikwa vizuri inaziokoa siku hizo, na kuiandika ni kazi ya dakika kumi.

Anza kwa kulitoa tatizo kwenye grupu la WhatsApp. Grupu linafaa kuulizia kama na wenzako limewakuta. Halifai kutunza kazi, maana kufikia mchana ujumbe wako umeshafunikwa na salamu na picha za harusi. Fungua tiketi pale timu yako inapozitunza: GitHub, GitLab, Jira, Redmine. Kwa timu ndogo hata Google Sheets inatosha, mradi kila tatizo lina namba, tarehe, hali na jina la anayelishughulikia. Kisha linki ya tiketi ndiyo uirushe kwenye grupu.

Kabla ya kufungua mpya, tafuta. Andika maneno mawili matatu ya tatizo kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukikuta mwenzako wa Lagangabilili ameshaliripoti, ongeza maelezo yako chini ya tiketi yake: kifaa chako, toleo lako, tarehe. Tiketi moja yenye mashahidi watatu inasukuma kazi kuliko tiketi tatu zilizotawanyika.

Kichwa kiseme kinachotokea na kinatokea lini. "Tatizo la manunuzi" hakisemi kitu. "Manunuzi yanaingia mara mbili mtandao ukikatika wakati wa kutuma" kinasema yote. Anayepitia orodha ndefu kwenye simu aelewe bila kuifungua tiketi.

Tiketi moja, jambo moja. Umeona na risiti inakosea tarehe? Fungua nyingine. Ukiyachanganya, moja litarekebishwa, tiketi itafungwa, na la pili litasahaulika.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani hatua. Hapa usiharakishe. Tuchukue mfano wa hiyo programu ya pamba:

Toleo la programu: 2.3.1
Hatua:
1. Fungua "Manunuzi Mapya", chagua mkulima wa majaribio, weka kilo 47.
2. Bonyeza "Tuma" mtandao ukiwepo.
3. Kabla ya ujumbe wa "Imepokelewa" kutokea, zima data.
4. Subiri dakika moja, washa data, bonyeza "Tuma" tena.
Nilichotarajia: rekodi moja ya kilo 47.
Kilichotokea: rekodi mbili. Mkulima anaonekana ameuza kilo 94.
Mara ngapi: kila nikifuata hatua hizi.

Itazame hatua ya tatu. Ghalani hakuna aliyezima data. Mtandao ulikatika wenyewe. Lakini programa hawezi kuusubiri mtandao wa Zagayu ukatike. Anahitaji namna ya kulisababisha tatizo akiwa mezani kwake, na kuzima data ndiyo namna hiyo. Ukishampa hatua zinazolirudisha tatizo kila mara, umemfanyia sehemu ngumu zaidi ya kazi. Kama bado hujazipata, sema hivyo wazi: "limetokea mara mbili leo, sijajua linachochewa na nini". Usibuni hatua.

Zingatia pia maneno "mkulima wa majaribio". Usijaribu hitilafu kwenye akaunti ya mtu halisi, hasa penye fedha. Kama programu haina sehemu ya kujaribia, hiyo yenyewe ni tiketi ya kufungua leo.

Mstari wa "nilichotarajia" wengi huuruka kwa kuona jambo liko wazi. Kwa programa haliko wazi. Anaweza kuamua kwamba karani amebonyeza mara mbili, hivyo rekodi mbili ni sawa. Mwambie kwamba mzani umepima mara moja.

Halafu mazingira. Yale uliyoyazoea wewe kwake ni habari mpya. Juu ya skrini palikuwa na 4G au ile E ya mtandao dhaifu? Ulikuwa umehamia laini ya pili? Kifaa kilizimika chaji, kikawaka na tarehe isiyo sahihi? Yaandike. Modeli ya kifaa na toleo la Android utavikuta kwenye Mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa. Kama programu yako ni ya shule na mwalimu anatumia kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, usiishie kuandika "kishikwambi cha sensa". Andika modeli.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee. Ukiandika "saa 4:12" ukimaanisha asubuhi, programa akaenda kutafuta 04:12 kwenye kumbukumbu za seva, atakuta usiku mtupu. Andika 10:12, saa za Afrika Mashariki. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo yeye atatafuta 07:12 na kulikuta tukio lako hapohapo.

Ujumbe wa kosa unakili ulivyo, hata ukiwa wa Kiingereza, hata ukiwa namba tupu. Usiutafsiri wala kuufupisha. Weka picha ya skrini, lakini maneno yake yaandike pia, ili mwenzako akiyatafuta mwezi ujao ayapate.

Picha hiyo ikague kabla ya kuipandisha. Funika jina la mkulima, namba ya simu, namba ya NIDA. Kwa programu za afya funika kila kinachomtambulisha mgonjwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tiketi za GitHub zilizo wazi husomwa na dunia nzima. Nywila usiiweke kabisa.

Kuhusu uharaka, acha "HARAKA SANA!!!" Eleza madhara. "Malipo yanatoka Ijumaa, rekodi zilizojirudia zitalipwa mara mbili." Sentensi hiyo inamwamsha programa kuliko herufi kubwa. Sema pia mnajikwamuaje kwa sasa: "tunaandika daftarini na kuingiza usiku". Usiogope kwamba ukisema hivyo utawekwa nyuma ya foleni. Timu ikijua nani anaweza kusubiri na nani hawezi, inapanga kazi kwa haki, na siku utakapokwama kabisa itakuamini.

Maombi ya kitu kipya yana mtindo wake. Eleza hitaji kwanza, suluhisho liache kwa mtengenezaji. "Ongeza kitufe cha PDF" ni agizo. "Karani anahitaji kumpa risiti mkulima asiye na simu janja, palepale ghalani, hata mtandao ukiwa haupo" ni hitaji, na pengine jibu lake ni printa ndogo ya Bluetooth. Malizia kwa vigezo vya kukamilika: risiti inatoka bila intaneti, inaonyesha kilo, bei na jumla, inasomeka. Bila vigezo hivyo mtabishana kama kazi imeisha.

Ukitumia mifumo mikubwa ya programu huria, jua kwanza tatizo ni la nani. DHIS2, ambayo Wizara ya Afya hukusanyia takwimu za vituo, hutengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo. Lakini fomu unazojaza zimepangwa hapa nchini. Kisanduku kikikosekana kwenye fomu, anza na msimamizi wa mfumo wa wilaya. Programu yenyewe ikivunjika, hapo ndipo tiketi inapofaa kufika Oslo, kwenye Jira yao. Nchini tuna wataalamu wake pia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kutumika mapema Eldoret, Kenya, nao hupokea tiketi kwa Jira. Huko tumia Kiingereza chepesi cha sentensi fupi. Hatua zikiwa sahihi, sarufi haitamzuia mtu kukusaidia.

Na kama wewe ndiye programa, usiwalaumu watumiaji kabla hujawapa fomu. Kwenye GitHub violezo hukaa katika folda ya .github/ISSUE_TEMPLATE. Weka maswali matano kwa Kiswahili: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini, kifaa na toleo, saa ngapi. Usizidishe. Karani anaijaza akiwa amesimama, simu mkono mmoja.

Ukiambiwa imerekebishwa, pakua toleo jipya na urudie hatua zilezile, kwenye kifaa kilekile, palepale mtandao unapoyumba. Andika matokeo: "Nimejaribu 2.3.2, rekodi moja tu, funga." Kama bado, fungua upya tiketi ileile ili historia yake isipotee.

Kisha fungua tiketi nyingine moja. Kurekebisha programu hakufuti rekodi zilizokwisha kujirudia. Kichwa: "Kusafisha manunuzi yaliyoingia mara mbili kabla ya malipo ya Ijumaa". Ambatisha namba za rekodi hizo, bila majina, na umtaje mtu mmoja atakayezihakiki dhidi ya daftari la mzani.