Wakfu wa Nyumba Moja na Miaka Yake ya Mwanzo

Wengi miongoni mwetu hudhani kuwa wakfu ni jambo la matajiri wakubwa, au kwamba kazi yake humalizika siku ile mwenye mali anapotamka kuwa ameiweka wakfu nyumba yake. Dhana zote mbili si sahihi. Mwenye nyumba moja ya kupangisha aweza kuiweka wakfu kwa ajili ya jamaa zake na maskini. Na kutamka ni mwanzo wa kazi. Miaka ile mitatu minne ya kwanza ndiyo ionyeshayo kama wakfu utadumu, au utaliwa na wenyewe.

Tuutazame wakfu wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Alipata shamba huko Khaybar, iliyofunguliwa mwaka wa 7 Hijriya (628), wala hakuwa na mali aipendayo zaidi. Akamwendea Bwana Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, naye akamwelekeza alizuie shamba lenyewe na mazao yake ayatoe sadaka. Basi likawa haliuzwi, halitolewi zawadi, wala halirithiwi. Na mazao yakawa ya mafakiri, jamaa, kukomboa watumwa, njia ya Mwenyezi Mungu, wasafiri na wageni. Msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema bila ya kujitajirisha. Kisha jambo hilo likaandikwa na kushuhudiwa, na usimamizi ukausiwa kwa binti yake, Bibi Hafsa, na baada yake kwa mwenye rai njema katika jamaa zake. Umar alikuwa na wana wa kiume watu wazima, na juu ya hivyo amana hiyo aliikabidhi kwa binti. Usimamizi, basi, haufuati ndevu. Hufuata uaminifu na akili.

Katika habari hii mna mafunzo kwa jamaa wanaoanza.

Kwanza, hati. Iandikwe mipaka ya mali, nani wapatao, na nani atasimamia baada ya msimamizi wa kwanza. Kisha isajiliwe kwa Tume ya Wakfu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, wakfu usiotajiwa msimamizi mambo yake hurejea kwa kadhi.

Pili, matengenezo hutangulia mgawo. Mali ikibomoka, sadaka nayo imekatika. Tuchukulie nyumba iletayo kodi ya Sh. 20,000 kila mwezi. Jamaa wakigawana zote, paa likaanza kuvuja wakati wa masika, mpangaji atahama na maskini hatapata kitu. Lakini wakiweka Sh. 4,000 kila mwezi, baada ya miaka mitatu watakuwa na Sh. 144,000 za kuezekea.

Tatu, mfuko wa wakfu usichanganywe na mfuko wa msimamizi, hata kwa siku moja. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wala msimamizi asimpangishe ndugu yake kwa kodi iliyo chini ya kodi ya mtaa. Akitaka kumhurumia, amhurumie kwa mali yake mwenyewe. Kwani kodi anayoisamehe ni haki ya yatima asiyekuwapo kuidai.

Nne, hesabu isomwe mbele ya jamaa kila mwaka, tangu mwaka wa kwanza, ingawa fedha ni chache. Wako watu waonao kwamba kumuuliza mkubwa wao hesabu ni utovu wa adabu. La! Ni kumsaidia kuitua amana iliyo shingoni mwake. Jamaa walionyamaza miaka kumi kwa heshima, mara nyingi huja kusema siku ya kumi na moja mbele ya kadhi, na udugu ukavunjika pamoja na wakfu.

Ewe ndugu uliyekabidhiwa wakfu wa wazee wako! Aliyeiweka mali hiyo yuko kaburini akingojea thawabu zake, na njia yake imepita mikononi mwako. Usiizibe. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa watimizao amana zao. Amin.