Aliyemdhuru mtoto wako akikaribia kutoka jela

Usingoje umkute stejini. Kama uko Kenya na aliyemnajisi mwanao alifungwa, jipange sasa. Mengi ya haya hayahitaji hata wakili.

Anza na hesabu. Muda aliokaa rumande huhesabiwa, na kwa tabia njema mfungwa anaweza kupunguziwa hadi theluthi moja. Kwa hiyo ile miaka 20 uliyoisikia kortini inaweza kuwa 13 na ushei. Wazazi wengi hushtukia hapa.

Kisha nenda masijala ya mahakama ukiwa na namba ya kesi. Omba nakala ya hukumu na ya amri zote zilizotolewa siku hiyo. Unachotafuta ni amri ya uangalizi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 39, inaruhusu mahakama kumtangaza aliyemtendea mtoto kosa la ngono kuwa mkosaji hatari. Akitoka, anabaki chini ya uangalizi kwa muda fulani. Amri inaweza kumtaka ahudhurie mafunzo ya kurekebisha tabia, aache pombe, asikanyage mahali palipotajwa. Soma hapo "palipotajwa" polepole. Kama mmehama tangu wakati ule, amri inalinda mtaa ambao hamuishi tena. Mwambie afisa wa probesheni mapema.

Kesi bado inaendelea? Basi una nafasi nzuri zaidi. Kabla ya amri ya namna hii, mahakama hupokea ripoti, mara nyingi ya afisa wa probesheni. Mtafute, usingoje akutafute. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 pia inakupa haki ya kusikizwa kabla ya adhabu. Usiseme tu "tunaogopa". Sema: mlango wake unatazamana na bomba tunalotekea maji, na mtoto hupita hapo kila asubuhi. Hakimu hawezi kumkataza mahali asipopajua.

Kama mkosaji mwenyewe ni mtoto, njia ni nyingine. Huyo anaweza kupewa probesheni ya miezi 6 hadi miaka 3, akarudi mtaani mara moja. Uliza masharti siku hiyohiyo, kabla hamjatoka kortini.

Aliyefungwa akishatoka, weka namba ya afisa wa probesheni kwenye simu yako na ya mtu mzima mwingine nyumbani. Afisa mmoja ana watu wengi wa kufuatilia. Hawezi kukaa mtaani kwenu.

Akivunja sharti, andika papo hapo: "Jumanne, saa kumi na nusu, kando ya geti la shule, ameonwa na mama wa mboga." Sentensi kama hiyo ina uzito zaidi kuliko "anatusumbua kila siku". Mpigie afisa, kisha nenda kituo cha polisi na usiondoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio. Bila hiyo, umepiga soga tu. Kukiuka amri ni kosa jipya linaloweza kumrudisha ndani. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Angalia pia kazi anazoomba. Sheria inamtaka aseme kwamba aliwahi kuhukumiwa anapoomba kazi ya kusimamia watoto. Zungumza na mwalimu mkuu, ustadhi wa madrasa, kocha wa timu. Mmoja mmoja, ofisini. Picha yake usiirushe WhatsApp: watu watauliza ni mtoto yupi, na jibu litapatikana kabla ya jioni.

Mwanao naye mwambie kwa maneno machache, asije akasikia shuleni. Mtajie nyumba mbili anazoweza kukimbilia, na wenye nyumba hizo wajue.

Wazee wakija na mbuzi wakitaka "yaishe nyumbani", wape chai. Amri ni ya mahakama, na wewe huna uwezo wa kuifuta hata ukila huyo mbuzi.